Altaneta Tatu Nilizoziua kwa Mkono Wangu

Jumamosi, Arua, nyumbani kwa binti yangu Poni.

Asubuhi mvua ilitutisha kutoka upande wa Congo, ikapiga ngurumo mbili, halafu ikaona haya ikarudi kwao. Sasa jua linawaka kama lina kesi na mtu. Nimekaa uani kwenye kiti cha plastiki, miguu juu ya ndoo, naandika kwa kidole gumba kimoja. Kile kingine kimeungua. Nitaeleza.

Moyo wangu leo ni mkavu. Nimesoma mpaka darasa la sita, na hilo la sita lenyewe nililisomea dirishani, nikihesabu malori ya jeshi yakipita. Kwa hiyo mwalimu yeyote aliye humu akitaka kunisahihisha aje na kalamu yake nyekundu, na aje na chai pia.

Leo nina kitu kibaya cha kusema, na kibaya chenyewe ni mimi.

Kwa mgeni anayepita kwenye ukurasa huu mara ya kwanza: nina pikapu ya zamani, jina lake Shangazi. Ni mkubwa kuliko watoto wangu wote. Akipanda kilima analalamika, akishuka analalamika, na hajazaliwa mtu wa kumnyamazisha. Nilipomzika mke wangu, Shangazi ndiye aliyenibeba kwenda na kurudi. Basi, hapo sitaongeza neno.

Miezi michache iliyopita dainamo yake ya tangu kuzaliwa ilikata roho, nikamwekea altaneta. Altaneta ni mtoto wa dainamo aliyekwenda shule: injini inaizungusha kwa mkanda, nayo inalisha betri. Lakini nilikataa kuondoa amita. Amita ni ile saa ndogo ya duara kwenye dashibodi. Mshale ukilala kulia, betri inakula. Ukilala kushoto, betri inaliwa. Hata mtu wa dirishani anaelewa.

Mafundi watatu wa hapa Arua wameniambia nitoe hiyo saa. "Mzee, hii kitu iko ya zamani, itakuchoma. Unganisha waya moja kwa moja, mambo inaisha." Nikawajibu kwamba magari yao yana kijitaa chekundu kinachowaka mtu akishakufa, saa yangu inaniambia nikiwa bado naugua. Walicheka. Na mimi nilicheka, lakini saa haikutoka.

Sasa ugonjwa.

Altaneta ya kwanza ilikaa wiki tatu. Siku moja, katikati ya Koboko na Arua, Shangazi akakohoa, akanyamaza. Betri kavu kama mfupa. Watu waliokuwa wanatoka shambani wakatusukuma, mimi na yeye, kama maharusi. Altaneta ya pili ilikaa siku tisa. Tukasukumwa tena, karibu palepale, na mama mmoja akaniuliza kama nimezoea.

Zote mbili nilizipata kwa Mama Kiden. Huyu ni mama wa kutoka Sudan Kusini, anauza vipuri vya mtumba sokoni Koboko. Marehemu mume wake alikuwa na gereji Yei, na vita ilipowatoa kule alikuja na watoto, masufuria mawili na sanduku la spana. Ana meza, mwavuli, jiko la makaa chini ya meza, na ulimi.

Ya pili ilipokufa, sikumwendea kwa utaratibu. Nilisimama mbele ya meza yake siku ya soko, watu wamejaa, nikainua ile altaneta juu kama kichwa cha nyoka. Nikasema anauza maiti. Nikamuuliza kama anazifukua au wanamletea. Watu wakacheka sana. Mimi nikichekewa sijui kukoma, mnanijua. Nikarudi nyumbani nikaandika hapa hapa ile habari ya "Mama wa Maiti". Mkaipenda, mkaituma kila kona. Nimeambiwa ilifika mpaka Juba.

Nilijiona mwandishi mkubwa.

Katikati ya hayo watoto wangu walikaa kikao kwenye simu: Poni, ambaye ni mkuu wa shule hapa Arua na anaongea nami kama mwanafunzi aliyechelewa, na kaka zake wawili walioko Kampala. Hukumu yao: mzee wa umri huu hawezi kukaa barabarani juani bila maji akingoja wasukumaji. Shangazi akifa mara moja zaidi, ufunguo unakwenda kwa Poni, na wale watu wanaonunua vyuma chakavu wanaitwa siku hiyohiyo. Nilikubali. Nilikubali kwa kiburi, kwa sababu nilikuwa na hakika kosa si la Shangazi wala langu.

Alhamisi nilianza kutafuta ugonjwa kwa utaratibu, kama tulivyofundishwa. Baba yangu alikuwa askari, na mimi nilikulia kwenye karakana ya kambi, nikishika spana kabla sijashika kalamu. Nililala chali chini ya dashibodi, taa za mbele zikiwaka, nikapapasa nyuma ya amita. Kule nyuma kuna nati mbili, kila moja imeshika waya mnene. Umeme wote wa gari unapita hapo. Nati moja ilikuwa imelegea. Nati ikilegea umeme unapita kwa shida, na umeme ukipata shida unageuka moto. Ndiyo habari ya kidole gumba.

Nilitukana kwa lugha nne.

Mafundi walikuwa na haki nusu, basi: saa inaweza kuleta moto, mwenyewe akiwa mvivu. Nilisugua vichwa vya waya kwa msasa mpaka vikang'aa, nikabadilisha waya wa zamani uliotosha dainamo nikaweka mnene zaidi, kwa sababu altaneta ina nguvu ya dume. Nikakaza. Mshale ukaacha kutetemeka. Lakini ulikuwa umelala kushoto. Mahali pa altaneta palikuwa patupu: ile ya pili niliiacha mezani kwa Mama Kiden, nayo ilikuwa maiti kweli, hapakuwa na ubishi.

Nikatuma habari kwa Mama Kiden kwamba nataka ya tatu, na safari hii isiyooza. Nilidhani atanitumia matusi. Akatuma jibu la maneno manne: "Nitaleta mimi mwenyewe. Ngoja."

Ijumaa asubuhi alifika kwangu Koboko kwa boda, altaneta amepakata mapajani imefungwa kwenye kitenge. Hakukubali chai. Alichukua tairi bovu, akalilaza karibu na Shangazi, akakaa juu yake.

"Weka," akasema. "Leo naona na macho yangu."

"Mama, hata salamu?"

"Salamu uliandika kwa simu, Mzee. Nilisoma yote."

Nikafunga altaneta. Mkanda, boliti, waya mnene, waya mwembamba. Nikawasha. Shangazi akanguruma, mshale ukaruka kulia, ukakaa huko kidogo, halafu taratibu ukaanza kurudi kuelekea katikati kama mtu aliyeshiba anavyosogea nyuma kutoka mezani. Mama Kiden aliinuka, akaingiza kichwa dirishani, akaangalia.

"Umeona? Iko muzima."

"Bado hatujapima," nikamwambia.

Sasa nisikilizeni, wenye magari ya zamani. Kule karakanani tulikuwa na kipimo kimoja, nacho kilikuwa kama sala. Injini ikiwa inaunguruma, unalegeza nati ya betri na kunyanyua kichwa cha waya. Injini ikiendelea, dainamo ni nzima. Ikizima, dainamo ni mgonjwa. Nilifundishwa hivyo na sajenti mmoja ambaye hatukuthubutu kumuuliza "kwa nini" hata kuhusu jua. Nimefanya hivyo maisha yangu yote. Kwa Shangazi nilikuwa nafanya kila asubuhi kabla ya safari, kama wengine wanavyonawa uso. Wapita njia hupenda kuangalia. Na mimi hupenda kuangaliwa.

Nikachukua spana. Nikalegeza. Nikanyanyua.

Mama Kiden alipiga ukelele mpaka kuku wa jirani wakaruka ukuta.

"Yaba! Rudisha! Rudisha, wewe mutu!"

Injini ilikuwa inaendelea vizuri kabisa, na mimi nilikuwa natabasamu, kichwa cha waya kiko mkononi kama samaki. Nikarudisha polepole, ili aone mzee hana haraka. Nikakaza. Nikamwonyesha saa kwa kidole, bila hata kuitazama.

"Iangalie mwenyewe," akasema. Sasa alikuwa hapigi kelele.

Mshale umelala kushoto.

Nikagonga kioo. Nikaongeza mafuta, injini ikalia. Nikazima, nikawasha tena. Kushoto. Altaneta iliyokuwa inalisha betri dakika mbili zilizopita ilikuwa imekufa, na hapakuwa na mtu mwingine aliyeigusa isipokuwa mimi.

"Mzee," akasema, "kabla hujatoa ile waya, mshale ilikuwa wapi?"

Nilitafuta uongo. Kwa kawaida huwa sikosi. Nilianza kusema labda nati, labda unyevu, labda boda iliitikisa njiani. Lakini saa ilikuwa pale katikati yetu, na wote wawili tulikuwa tumeisoma. Ile saa niliyoilinda kwa mafundi watatu ndiyo iliyosimama kunishitaki.

"Kulia," nikasema.

"Na zile mbili za kwanza, ulifanya hii mchezo?"

"Kila asubuhi."

Akakaa tena juu ya tairi. Nilingoja anitukane, na nilikuwa tayari, nina akiba ya majibu. Akafunika uso na kitenge, mabega yakaanza kutingishika. Nikafikiri analia. Alikuwa anacheka, lakini si kicheko cha kufurahi. Alipofunua uso, macho yalikuwa mekundu.

Akanieleza, na mimi nawaeleza nyinyi ili mtu mwingine asirudie. Dainamo ni mzee mvumilivu, unaweza kumfanyia utani. Altaneta ndani yake ina dayodi, vidude vidogo kama vifungo vya koti. Kazi ya dayodi ni ya mtego wa samaki: umeme unaingia, haurudi. Na betri ni beseni kubwa lililokaa chini ya mfereji. Mfereji ukiwa wazi kwa nguvu, ukalivuta beseni ghafla, maji yanakurukia usoni. Uso wa altaneta ni zile dayodi. Zinapasuka. Wakati mwingine hazipasuki zote siku moja. Moja leo, nyingine kesho kutwa, mpaka siku unaachwa barabarani na unamlaumu aliyekuuzia.

"Bwana yangu kule Yei alikuwa anafukuza mutu kwa gereji sababu ya hiyo," akasema. "Alisema: huyu anaua ng'ombe ili aone kama iko na damu."

Nikamwambia ana haki. Niandikieni mahali, maana haitatokea tena.

Halafu akafanya kitu ambacho mimi nisingemfanyia adui yangu. Akatuma boda sokoni ilete zile mbili za kwanza, ambazo nilimrudishia na zilikuwa bado chini ya meza yake. Akaomba makaa. Akapasha chuma cha lehemu, akafungua zote tatu juu ya gunia, na kwa betri na balbu ndogo akapima dayodi moja moja. Ikipitisha mwanga upande mmoja tu, nzima. Ikipitisha pande zote, au ikikataa kabisa, anaitupa kwa mkono wa kushoto bila kuangalia inakoangukia. Mpaka adhuhuri alikuwa ametoa nzima za kutosha kutoka kwa maiti zangu tatu kutengeneza altaneta moja hai. Mimi kazi yangu ilikuwa kupuliza makaa. Nilipuliza.

Tulipofunga, mshale ukaenda kulia, ukashiba, ukarudi karibu na katikati, ukatulia. Akakaza kichwa cha betri mwenyewe. Akatoa kwenye mkoba chupa ya rangi ya kucha, nyekundu ya harusi, akapaka juu ya nati na boliti pamoja.

"Ukilegeza hii, itapasuka," akasema. "Nitajua."

"Utajuaje, Mama? Utakuja kukagua kila siku?"

"Nitakuja."

Alipokuwa anapanda boda nikamwambia asante. Akafunga kitenge chake bila haraka. Akasema kitu kimoja tu, akiwa hanitazami mimi bali barabara.

"Siku ya soko, Mzee, watu wanapita kwa meza yangu wanaziba pua. Wanacheka. Halafu wanaenda kununua kwa ingine."

Boda ikaondoka.

Leo asubuhi nilitoka Koboko saa mbili. Sikugusa betri. Mkono uliniwasha kama mtu aliyeacha tumbaku, lakini sikugusa. Njia nzima mshale ulikaa unywele mmoja kulia kwa katikati, hata taa zikiwaka, hata Shangazi akilalamika kwenye vilima vya Maracha. Nilipita mahali pale petu pa kusukumwa, nikapiga honi ndefu. Kuna watu walipunga.

Poni alinipokea langoni. Akazunguka gari, akaniambia nizime, niwashe tena. Nikazima, nikawasha. Akapiga makofi.

"Haya, Baba. Umeshinda. Nawaandikia wale wa Kampala kwamba limepona."

"Andika kwa herufi kubwa," nikamwambia.

Na hapo ndipo ugonjwa wa pili ulipoanza, huu usio na waya.

Poni hajui habari ya jana. Kampala hawajui. Kwao Shangazi amekufa mara mbili tu. Ile ya tatu ilitokea uani kwangu, mbele ya mwanamke mmoja, na mwanamke huyo hana namba ya simu ya watoto wangu. Nikifunga mdomo, ufunguo unabaki mfukoni. Nimekula ugali wa muhogo na samaki nikiwa mshindi. Poni amenipa kichwa cha samaki, ambacho huwa hanipi.

Nilijaribu kujitetea kichwani. Mapatano yalisema "barabarani", na uani si barabarani. Nilijiambia pia kwamba nitamrekebishia Mama Kiden jina polepole, mtu mmoja mmoja, nikikutana nao. Nilijiambia watu husahau. Lakini mimi ndiye niliyewacheka watu kwa miaka, na najua hawasahau. Kitu kilichoandikwa na kikachekesha kinakaa kuliko mwenye nacho.

Basi naandika.

Mama Kiden wa sokoni Koboko hauzi maiti. Altaneta alizoniuzia zilikuwa nzima, zote tatu. Mimi, kwa mkono wangu huu ulioungua, niliziua moja baada ya nyingine kwa mchezo wa dainamo, kisha nikamtangaza yeye. Ile habari ya kwanza siifuti. Naweka maneno haya juu yake, ili kila atakayekwenda kuicheka apite kwanza hapa anicheke mimi.

Tena, simu haitoshi. Nilimtukana kwa mdomo, mbele ya watu, siku ya soko. Kwa hiyo siku ya soko inayokuja nitasimama palepale mbele ya meza yake, na nitasema kwa mdomo uleule, na kwa sauti ileile, na wale waliocheka nitawaita kwa majina. Nikienda kwa Shangazi ni sawa. Mkininyang'anya ufunguo nitakwenda kwa boda. Mkificha boda zote za mkoa wetu huu wa West Nile nitakwenda kwa miguu, nitachelewa, lakini nitakwenda.

Na nyinyi watoto wangu, kwa kuwa mtasoma: ndiyo, mara ya tatu imetokea. Mapatano ni mapatano, sitajificha nyuma ya neno "barabarani", ingawa ni neno zuri. Lakini sikilizeni na upande wangu kabla hamjawaita watu wa vyuma. Shangazi hakuzeeka. Aliyezeeka ni yule sajenti kichwani mwangu. Pikapu haina kosa hata moja, na saa yake, ambayo dunia nzima ilitaka niitupe, ndiyo pekee katika jambo hili lote iliyosema ukweli tangu siku ya kwanza. Mkitaka kuuza chuma chakavu, mimi nina kilo nyingi kuliko zile mtakazopata kwenye bodi yake. Njooni mnipime.

Je, ningeandika haya kama Mama Kiden angenitukana badala ya kupasha lehemu? Nimejiuliza tangu asubuhi. Sina jibu ninalolipenda.

Ufunguo nimeutoa mfukoni, nimeuweka juu ya ndoo, karibu na mguu wangu. Poni yuko jikoni anaosha vyombo na kuimba wimbo wa kanisani, simu yake ameiegemeza dirishani. Huwa inalia kila ninapoandika kitu hapa. Alijiandikisha mwenyewe, kunichunga. Kutoka hapa hadi dirisha lile ni hatua kumi.

Nabonyeza sasa. Acha ilie.